Fulana ya Laare

Katika milima yote ya Nyambene, miaka ile, Mwimbaji alikuwa na mashabiki wawili. Mimi nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu wa Jiografia katika shule ya bweni tuliyofundisha pamoja karibu na Mikinduri, na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilikuwa kubwa kuliko ninavyopenda kukubali. Yeye alimsikiliza Mwimbaji. Mimi nilimwiga, tena vibaya.

Jina lake silitaji kwa sababu hata sisi hatukulitumia. Wanafunzi, wazazi, mchungaji, na baadaye hata mke aliyemwoa, wote walimwita Mwalimu. Walimu tulikuwa wengi shuleni, lakini ukisema "Mwalimu amekasirika," kila mtu alijua ni nani, akaanza kuchomekea shati.

Mwimbaji naye simtaji, maana wanaomjua watanibishia na wasiomjua hawatapata faida. Inatosha kusema alikuwa mzungu mwembamba mwenye nywele za mabegani, aliyepiga muziki wa roki na wenzake watatu. Wakapata umaarufu, wakagombana, akaondoka. Baada ya hapo alitoa kazi tatu akiwa peke yake. Dunia nzima ilitaka zile za kundi. Mwalimu alitaka hizo tatu tu.

"Mtu akiimba na wenzake anaimba makubaliano," aliniambia. "Ngoja aachwe peke yake, ndio utamsikia."

Rekodi alizirithi kutoka kwa mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyemaliza muda wake akarudi kwao na mizigo michache. Mwalimu alizihifadhi ndani ya sanduku la mbao nyembamba lililotupwa na kiwanda cha majani chai, lile lenye karatasi ya kung'aa kwa ndani ya kuzuia unyevu. Kwa hiyo rekodi zilinukia chai. Mpaka leo nikifungua pakiti ya majani jikoni nasikia gitaa.

Hukuweza kugusa sanduku hilo kabla ya kunawa mikono. Mwalimu mwenyewe alikuletea beseni, sabuni na taulo, akasimama akikutazama mpaka katikati ya vidole. Siku moja alikuja mzee wa kanisa kumsalimia. Akanawishwa, akajifuta, akakaa vizuri kitini akingoja chakula. Akawekewa muziki. Alivumilia upande wa kwanza wote, kisha akainama kwangu na kuniuliza polepole kama nyama bado haijaiva.

Kuazima ndiyo ilikuwa haiwezekani kabisa. "Kitabu nitakupa," alisema. "Jembe nitakupa. Hata ng'ombe wa kulimia, kama ningekuwa naye, ungemchukua. Rekodi, utakuja uisikilize hapa nikikuona."

Nami nikaenda kila Jumamosi alasiri. Ile ya kwanza Mwimbaji aliiimba na gitaa moja na piano ambayo, kwa masikio yangu, ilihitaji fundi. Karibu na mwisho wa upande wa pili, kabla ya ubeti wa mwisho, anakohoa. Ni kikohozi kidogo tu, cha mtu aliyelala vibaya. Wangeweza kukiondoa na hawakukiondoa. Mwalimu aliinua kidole kabla hakijafika, akakishusha kilipofika.

"Umesikia? Hapo hakukuwa na mtu wa kumwambia arudie."

Nilijibu nimesikia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nikingoja ngoma zianze. Katika rekodi hiyo hakuna ngoma hata moja, na ilinichukua muhula mzima kulikubali jambo hilo. Siku nilipolikubali ndipo nilipomsikia mtu mwenyewe, akiimba juu ya nyumba aliyohama, bila kulia na bila kujitetea. Niliona aibu kwa mguu wangu uliokuwa ukigonga sakafu kutafuta mdundo. Tangu siku hiyo naipenda rekodi ile, naipenda kweli, na sijapata mtu mwingine wa kumweleza kwa nini.

Ya pili ina fidla nyingi hadi Mwimbaji mwenyewe hapatikani. Ni mbaya. Mwalimu hakukubali neno hilo. Alisema ni kazi ya mtu aliyeogopa, na kwamba mtoto akianguka mtihani humfungii nje. Aliicheza mara nyingi kuliko nyingine zote, kwa huruma. Ya tatu alikuwa nayo kwa kaseti tu. Hapo sauti imeshazeeka na maneno ni machache. Hiyo aliisikiliza Jumapili baada ya ibada, na hakuniambia neno lolote juu yake, jambo lisilokuwa kawaida yake.

Shule haikuwa na umeme siku hizo. Mashine yake ya santuri ilikula betri ya gari, na betri ilipelekwa kuchajiwa sokoni kwenye kinu cha kusaga mahindi. Ilipoanza kuisha nguvu, Mwimbaji alipunguza mwendo na sauti yake ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa inatoka chini ya sakafu. Betri ilikuwa karibu kuisha karibu kila Jumamosi. Mimi sikujua. Niliamini kwamba Mwimbaji ni mtu wa sauti nzito sana, nikajifunza kuimba hivyo hivyo, nikifanya mazoezi bafuni huku nimeshika shingo.

Siku ya wazazi niliomba nafasi nikapanda jukwaani. Niliimba wimbo wa nyumba iliyohamwa kwa sauti ya fahali aliyelazwa machinjioni, polepole, nikiwa nimefumba macho. Mzazi mmoja wa kutoka Tigania alimwendea mkuu wa shule akamuuliza kama yule mwalimu kijana alikuwa amepelekwa hospitali ama anangoja gari.

Baadaye nilikwenda Embu kusahihisha mitihani, nikaingia duka la kaseti lenye umeme wa kutosha. Wakaucheza wimbo ule ule. Sauti ilikuwa nyembamba, karibu ya mwanamke. Nilimwambia mwenye duka kwa upole kwamba mashine yake imeharibika. Alinitazama kwa muda. Niliporudi Mikinduri nilimweleza Mwalimu nilichogundua.

"Najua," akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliimba kwa bidii."

Usidhani alikuwa mpole hivyo kwa wote. Ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu, na mfukoni alitembea na mkasi. Mvulana akionekana na nywele zilizopita upana wa kidole, alikatwa njia moja katikati ya kichwa, kisha akaambiwa aende kwa kinyozi akamalizie. Wakati huo huo, ukutani kwake kulikuwa na picha ya Mwimbaji mwenye nywele za kuweza kujaza mto. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, aliyetumwa kwake kuchukua madaftari, alijipa moyo akamuuliza.

"Lakini Mwalimu, huyu mtu wako hapa ako na nywele ndefu."

"Nywele zake ni kazi," akajibu Mwalimu. "Zako ni chawa."

Pia ndiye aliyeiongoza kwaya ya kanisa, na huko hakutaka kabisa mtu aimbe peke yake. Mama mwenye sauti nzuri akithubutu kupanda juu ya wenzake, aligonga meza. "Hakuna nyota hapa. Imbeni pamoja!" Nilimuuliza mara moja imekuwaje, yeye anayempenda mtu aliyeacha kundi lake. Akafikiri, akasema kwamba kuimba peke yako ni kama upasuaji, usimruhusu kila mwenye kisu.

Tukija kwenye vitu, maana shabiki si masikio tu, mimi nilikuwa na mkusanyiko wangu. Nilikuwa na koti la ngozi jeusi nililolipata mitumbani, nikalivaa darasani kwa fahari mpaka msichana wa dawati la mbele alipoinua mkono kuniuliza kwa nini vifungo viko upande wa kike. Niliendelea kulivaa. Nilikuwa pia na beji ya bati yenye uso wa Mwimbaji, niliyoibandika kifuani kila siku ya kazi. Nilipoipeleka kwa Mwalimu aione, alivaa miwani, akaigeuza kwenye mwanga, akasoma herufi ndogo zilizozunguka ukingo.

"Huyu anaomba kura," akasema. "Anataka udiwani, huko kwao."

"Si yeye?"

"Hapana. Lakini amependeza."

Yeye mwenyewe alikuwa na vitu vichache na vyote vya kweli. Alikuwa na ile picha, gazeti moja la ng'ambo lililochakaa, na tikiti ya maonyesho ambayo yule mwalimu wa kujitolea aliisahau ndani ya jalada la rekodi. Kimoja alichokitamani na hakuwa nacho ni fulana. Gazeti lilieleza kwamba Mwimbaji, alipotoa ile kazi ya tatu, alipanga ziara. Fulana zikachapishwa, mbele uso wake, mgongoni orodha ya miji. Ziara ikavunjika mapema kwa kukosa watu, na miji mingi ya mgongoni hakuifikia. Mwalimu alikuwa mtu wa ramani. Wazo la miji iliyomngoja mtu asiyekuja lilimshika mahali ambapo mimi sikuweza kuona.

Ndipo mitumba ikaanza kujaa masokoni. Siku ya soko Mikinduri, Mwalimu alisimama mbele kabisa belo la nguo lilipofunguliwa, na shati lake jeupe na tai, akipekua fulana pamoja na akina mama. Hakuipata. Aliiona Laare, na ilikuwa imevaliwa.

Tulikuwa tumepeleka timu ya shule kucheza mpira. Ng'ambo ya uwanja alisimama mzee mmoja mkulima wa miraa, koti wazi, kofia kichwani, na kifuani mwake Mwimbaji akitutazama. Mwalimu alinishika mkono hadi kucha zikaniingia. Alipofanikiwa kuuzunguka uwanja, mzee alikuwa ameondoka. Tulifungwa mabao mengi siku hiyo na Mwalimu hakuona hata moja. Alikuwa akiuliza watu kwa mzee ni wapi.

Jumamosi iliyofuata tukapata nafasi nyuma ya pikapu iliyokuwa ikienda kubeba miraa. Hapa lazima nieleze sisi ni akina nani. Mwalimu alikuwa Mwembu, mgeni kwa desturi za Igembe, upande huo wa Laare. Mimi ni Mmeru, lakini Mmeru wa misheni, wa upande wa Imenti, na kwetu miraa ilitajwa pamoja na pombe na kamari. Kwa hiyo yeye hakujua na alijua kwamba hajui. Mimi sikujua na nilikuwa mshauri.

"Tutaenda kwa mzee mikono mitupu?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema kwa uhakika. "Mpelekee miraa nzuri."

Sokoni Laare tukamwambia muuzaji tunataka kifungu cha heshima, cha kupeleka nyumbani kwa mzee. Akaitazama suruali ya Mwalimu iliyopigwa pasi.

"Mnatumwa ama ni nyinyi wenyewe?"

"Ni sisi wenyewe. Kuna jambo tunataka kumwomba."

"Hiyo naelewa," akasema, akatabasamu. Alichagua machipukizi moja moja, akayapanga, akayafunga kwa namna ambayo sikuiona kwenye vifungu vingine, akayaviringisha kwa jani la mgomba. Kisha akatushika mikono wote wawili akatutakia baraka. Nilimwambia Mwalimu kwamba wafanyabiashara wa Laare ni watu wa Mungu.

Kifungu kile kinaitwa ncoolo. Mtoto yeyote wa Igembe anakijua. Ukikipeleka kwa mzee mwenye binti, huna haja ya kusema neno. Mzee akikifungua na kuwagawia ndugu zake, mazungumzo ya ndoa yameanza.

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Aliwatuma watoto wakawaite ndugu zake wawili, nao wakaja na fimbo zao, wakatusalimu kwa uzito, wakakaa. Jikoni kukaanza kuchinjwa kuku. Nikamnong'oneza Mwalimu kwamba huku wanaheshimu walimu. Binti wa mzee, aliyefundisha nasari hapo jirani, akaja kutusalimu. Alimpa Mwalimu mkono, akamtazama usoni, hakuinamisha macho. Mwalimu alikuwa anakitazama kifua cha baba yake.

"Mzee," Mwalimu akaanza, "jambo lililotuleta..."

"La," akasema mzee, akainua kiganja. "Maneno yenu tumeyaona. Leo hatuongei. Leo tunakula."

Akafungua jani, akawagawia ndugu zake, wakatafuna. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nikapiga makofi. Tulipokuwa tunaaga, mmoja wa wale ndugu akatusindikiza hadi barabarani.

"Sasa mkirudi," akasema, "mje na wazee wenu, tuketi tuongee mambo ya mahari."

Tulishika njia ya kurudi sokoni.

"Mahari ya nini?" Mwalimu akaniuliza.

"Labda ya fulana," nikasema.

Mlinzi wa shule yetu, mtu wa Igembe, ndiye aliyetueleza. Kwanza alicheka mpaka akakaa chini kando ya lango. Kisha, alipoona uso wa Mwalimu, akawa mwema. Kosa la mgeni lina njia yake, akasema. Nendeni mapema na kondoo, mseme mmekosea, wazee watawasamehe, na msichana hatabaki na aibu. Msikawie tu.

Tukaenda tena, mimi nikimvuta kondoo. Tulipofika niliambiwa nibaki nje, maana wa kuomba radhi ni mwenye jambo. Nilikalishwa karibu na ghala nikaletewa ndizi mbivu. Mwalimu alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuwa na fulana, na kondoo alibaki.

"Imekuwaje?"

"Tutarudi na wazee wetu," akasema.

Njia nzima alizungumzia mvua. Nami nikahitimisha, kama ninavyohitimisha mambo, kwamba aliwaogopa wale wazee watatu akashindwa kusema. Ndivyo nilivyoisimulia hadithi hiyo kwa miaka, chumba cha walimu, kwenye harusi za watu wengine, popote palipokuwa na chai. Jamaa alikwenda kutafuta fulana akarudi na mke, na kondoo wa kuvunjia uchumba akaliwa kwenye uchumba. Watu walicheka sana. Mwalimu aliniomba kitu kimoja tu, nisiisimulie mbele ya mke wake.

Mke wake, Mama Makena, alikuwa na hadithi yake. Hakuna mgeni aliyetoka nyumbani mwao bila kuisikia. "Huyu alinifuata mpaka kwetu," alisema, akimimina chai. "Kwa miguu kutoka Mikinduri! Mwembu mzima, na ncoolo mkononi kama kijana wa kwetu. Wasichana wa Laare wote walijua." Ile pikapu ilikuwa imefutika. Mwalimu alikoroga chai yake, hakukubali wala hakukataa. Muziki wenyewe Mama Makena hakuupenda. "Huyu mzungu wenu analia nini, na ako na chakula?" Lakini ndiye aliyezishonea rekodi zote mifuko ya kitambaa laini, kila moja na kifungo chake.

Na ile fulana? Sasa ilikuwa imekwenda mbali kuliko ng'ambo. Mtu hawezi kutamani nguo iliyo mwilini mwa baba mkwe wake, sembuse kuiomba. Ni aibu ambayo haina kondoo wa kuifuta. Na mzee aliipenda. Aliivaa Krismasi, aliivaa alipokuja kumwona mjukuu, aliivaa chini ya koti kanisani. Nilimwona Mwalimu akimkaribisha kiti, akimwekea nyama, akizungumza naye kwa adabu zote huku Mwimbaji amekaa kati yao. Mzee aliposimama kwenda kunawa, Mwalimu aliisoma ile miji ya mgongoni, midomo ikicheza kidogo. Nilimhurumia. Nilimwona mtu aliyelipa bei kubwa kuliko yeyote katika historia ya mitumba, akanyimwa mzigo.

Alipostaafu wakahamia kwao Embu, kando ya mji. Mimi nikabaki Mikinduri na koti langu. Tulionana mara chache. Masikio yake yakaanza kumwangusha, kwanza upande mmoja, akawa anageuza kichwa kuuelekeza ule uliobaki kwenye spika.

Kisha yule mzee wa Laare akafariki. Nilikwenda matangani. Baada ya mazishi, nguo za marehemu zilipokuwa zinagawanywa, kaka yake Mama Makena akaiinua ile fulana, imekonda kwa kufuliwa, akasema kwa sauti, "Hii tisheti ndio ilituletea Mwalimu! Hakuwa anataka dada yangu, alikuwa anataka hii!" Watu wakacheka vile watu wanavyocheka matangani, kwa kutafuta pumzi. Sijui nani alimwambia. Yaani, najua. Alikuwa amewahi kukaa meza moja nami kwenye harusi fulani.

Mama Makena hakucheka. Aliinuka akaenda kuosha vyombo. Mtu mwenye akili angeliona hilo. Mimi niliiona fulana. Nikamvuta yule kaka pembeni, nikamvulia koti langu la ngozi, tukabadilishana. Nilirudi nyumbani nikitetemeka kwa baridi na furaha. Mwalimu wangu alikuwa amengoja karibu maisha yake yote, na mkwe amekufa, aibu imeisha, na ni mimi, shabiki wa beji ya diwani, niliyeipata.

Niliifua kwa mkono. Niliipiga pasi nikiwa nimeigeuza ndani nje. Nikaenda Embu.

Mwalimu alikuwa sebuleni, amekonda. Nikakaa upande wa sikio zuri, nikaitandaza mezani, nikangoja machozi. Aliitazama muda mrefu. Aligusa ukingo wake. Kisha akaisukuma kwangu kwa kidole.

"Umeleta hii ya nini?"

"Ni yako, Mwalimu. Umeingoja miaka yote."

"Nani alikwambia naingoja?"

Hapo Mama Makena akaingia na thermosi. Aliiona. Aliweka thermosi chini taratibu, akabaki amesimama. Nilijua kwa kuchelewa, ninavyojua kila kitu, kwamba tangu matanga hakuna mgeni aliyekuwa amesikia hadithi yake. Hata mimi sikuisikia mlangoni siku hiyo.

"Kaka yangu alisema mbele ya watu," akaanza. Alipaza sauti ili mumewe asikie, na kwa kuipaza ikatetemeka. "Nimenyamaza kwa sababu ya kilio cha baba. Sasa niambie, Mwalimu. Siku ile ulikuja kwetu kwa sababu ya nini?"

Nilitamani adanganye. Niko tayari kusema hivyo. Nilifungua mdomo nimsaidie kudanganya.

"Kwa sababu ya hii," akasema Mwalimu.

Mama Makena akakaa.

"Mara ya kwanza," akaendelea. "Mara ya pili nilikuja na kondoo, niseme nimekosea. Nikamweleza baba yako ukweli wote. Hakukasirika. Alivua koti, akavua hii, akaiweka mbele yangu, ndugu zake wakiona. Akasema, 'Chukua ulichokuja kutafuta, uende, hakuna ubaya kati yetu.' Wewe ulikuwa umeleta maji ya kunawa. Ulikuwa umesimama pale na birika."

Mama Makena alikuwa anaitazama sakafu.

"Nakumbuka baba akiwa kifua wazi," akasema polepole. "Nilifikiri ni joto."

"Laare hakuna joto."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilikuangalia," akasema Mwalimu. "Nikamwambia, 'Mzee, vaa, utapata baridi.'"

Kisha Mama Makena akanigeukia, na macho yake yalikuwa na maji na ukali kwa pamoja.

"Na wewe si ulikuwa huko? Umezunguka Meru nzima ukichekesha watu. Hii mbona hukusema?"

"Nilikuwa nje," nikasema. "Nilikuwa nakula ndizi."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta uso kwa leso, akaacha, akaanza tena, na Mwalimu, ambaye sidhani alisikia nilichojibu, akacheka kwa kumwona anacheka. Mama Makena akatumiminia chai. Kisha akaichukua ile fulana mezani, akaikunja vizuri, uso wa Mwimbaji kwa ndani, akaikumbatia na kuinusa mahali pa kola, ambapo nilikuwa nimefua kwa nguvu zaidi.

"Hii ni ya baba," akasema, akaenda nayo chumbani.

Tukabaki na chai yetu, mimi na Mwalimu. Miaka yote ile tuliijua fulana ile kuliko mtu yeyote, ziara yake, miji yake, hata herufi iliyochapwa vibaya mgongoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiri kwamba ilikuwa nguo ya baba yake Mama Makena.